Kabla ya kuhamia, uliza ndani mlipikwa nini

Ukiingia katika jiko la kijijini lililopikiwa kuni kwa miaka mingi, hebu inua macho utazame darini. Utayaona masizi yamening'inia kama nyuzi za buibui. Hakuna aliyeyapaka pale. Yalipanda na moshi siku baada ya siku, yakatua, yakaganda. Mpishi anaweza kuhama, lakini masizi hubaki. Na anayekuja nyuma akiamua kupaka chokaa juu yake bila ya kukwangua kwanza, haitachukua muda kabla weusi haujajitokeza tena.

Leo ningependa tuzungumze juu ya masizi ya namna nyingine. Haya hayaonekani kwa macho, aghalabu hayana harufu, na yanaweza kukaa ukutani kwa miaka. Ni mabaki ya dawa ya kulevya iitwayo methamfetamini, ambayo vijana wamezoea kuiita methi. Mahali ilipopikwa au kuvutwa kwa wingi, dawa hiyo haiondoki na mwenyewe. Huachiwa mpangaji mpya, mkewe, na mtoto wao anayetambaa sakafuni.

Pengine unajiuliza: hayo yanatuhusu nini sisi wa Buruburu, Kondele ama Kisauni? Yanatuhusu kwa njia mbili.

Kwanza, ni jamaa gani siku hizi isiyo na binti, mpwa au shemeji huko Marekani au Australia? Watu wetu hao wanapanga nyumba, wanazinunua, na wanafunzi wengi hujipatia karo kwa kusafisha nyumba baada ya mpangaji mmoja kutoka na kabla ya mwingine kuingia. Pili, moto umeshafika karibu na kwetu. Mwaka 2016, maafisa wa kupambana na dawa za kulevya wa Nigeria walifumania kiwanda kikubwa cha methi mjini Asaba na kuwakamata raia wa Mexico miongoni mwa waliokiendesha. Septemba 2024, maafisa wa usalama wa Kenya walivunja maabara ya kutengenezea dawa iyo hiyo huko Namanga, katika kaunti ya Kajiado, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania. Basi si habari ya mbali tena.

JINSI DAWA INAVYOINGIA UKUTANI

Methi haitoki shambani kama bangi au miraa. Hutengenezwa kwa kemikali. Kwa miaka mingi wapishi wadogo wadogo wa Marekani walikuwa wakiitengeneza kutokana na sudoefedrini, ambayo hupatikana katika dawa za kawaida za mafua, pamoja na vitu vikali ambavyo sitavitaja kwa utaratibu wake kwa sababu ukurasa huu si wa mapishi hayo. Itoshe kusema kwamba miongoni mwa vinavyobaki nyuma ni asidi, amonia, aidini, kemikali zinazoshika moto upesi, na wakati mwingine gesi ya fosfini ambayo huua.

Idara za serikali ya Marekani hukadiria kwamba kila ratili moja ya methi inayopikwa huacha ratili 5 au 6 za taka zenye sumu. Taka hizo humwagwa wapi? Katika sinki, chooni, bafuni, nyuma ya nyumba, au kando ya barabara. Hivyo ndivyo ua wa nyumba na kisima cha jirani vinavyoingizwa katika maovu ambayo havikuyatenda.

Lakini hata mahali ambapo taka zimezolewa, kuna ule mvuke. Watafiti wa hospitali ya National Jewish ya Denver, katika jimbo la Colorado, waliwahi kushirikiana na polisi na kuipika dawa hiyo kwa majaribio huku wakipima hewa na kuta. Waligundua kwamba methi haikukaa katika chumba ilimopikwa. Ilisambaa hadi vyumba vingine, ikatua juu ya meza, dari, mazulia na mapazia. Tena waliona kwamba hata moto ukishazimwa, mtu akitembea au akifagia chumbani huitimua upya kama vumbi.

Hapo ndipo taabu ya mtoto inapoanza. Mtu mzima huketi kitini. Mtoto hutambaa juu ya zulia, hushika ukuta, kisha hutia vidole mdomoni. Pua yake iko karibu na sakafu kuliko yako. Na mwili wake ni mdogo, kwa hiyo kiasi kile kile cha sumu humlemea zaidi.

Mwaka 2017, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilichapisha taarifa ya wataalamu juu ya familia moja ya watu watano katika jimbo la Victoria, Australia. Familia hiyo ilikuwa imenunua nyumba bila ya kujua kwamba polisi walikuwa wamegundua maabara ya methi mahali hapo. Watoto walianza kukohoa na kubanwa na kifua kama wenye pumu, usingizi ukapotea, na tabia zao zikabadilika. Nywele zao zilipopimwa, zilikutwa na methi ndani, na mtoto mdogo zaidi ndiye aliyekuwa na kiasi kikubwa kuliko wote. Mtoto huyo hakuwahi kuonja dawa ya kulevya. Yeye aliishi tu katika nyumba.

NYUMBA RAHISI ISIYO RAHISI

Mwaka 2004, polisi wa Marekani waliandikisha zaidi ya matukio 20,000 ya kukuta maabara za methi, majalala ya kemikali zake au vifaa vya kuipikia. Hazikuwa katika mapango wala misitu peke yake. Nyingi zilikuwa katika nyumba za kawaida, vyumba vya hoteli ndogo, magari na magereji.

Bunge la nchi hiyo lilitunga sheria iliyotiwa sahihi Machi 2006. Tangu hapo, dawa za mafua zenye sudoefedrini huwekwa nyuma ya kaunta, mnunuzi huonyesha kitambulisho na kutia sahihi, na kuna kiasi asichoruhusiwa kuzidisha. Maabara za nyumbani zilipungua, zikaibuka tena kwa mtindo wa kupika kiasi kidogo katika chupa, kisha zikapungua sana. Leo methi nyingi inayouzwa Marekani hutoka Mexico ikiwa tayari.

Je, hiyo ina maana kwamba hatari imekwisha? La, hasha. Mpishi ameondoka lakini nyumba bado ipo. Nyingine ilitwaliwa na benki mwenye deni aliposhindwa kulipa, ikakaa tupu, ikapakwa rangi, kisha ikauzwa kwa bei ya kutamanisha chini ya maneno haya: nyumba inauzwa kama ilivyo. Wanunuzi wa nyumba kama hizo huwa ni akina nani? Ni vijana waliooana juzi, ni wahamiaji, ni watu wa kipato kidogo wanaotafuta pa kuanzia. Yaani ni watoto wetu.

Sheria za huko nazo hazifanani. Majimbo mengine humlazimisha muuzaji kueleza iwapo nyumba iliwahi kuwa maabara, mengine hayamlazimishi. Idara ya kupambana na dawa za kulevya, DEA, huweka orodha ya anwani ambako maabara zilikutwa, na yeyote anaweza kuitazama. Hata hivyo, nyumba ambayo polisi hawakuifikia haimo. Kukosekana kwa jina la nyumba katika orodha hiyo si cheti cha usafi.

MKAGUZI NAYE ANA MAPAFU

Huko Marekani, mtu akitaka kununua nyumba humwajiri mkaguzi. Huyu hupanda darini, hutambaa chini ya sakafu, hufungua mabomba, hutazama nyaya za umeme na paa, kisha huandika ripoti. Ni kazi ya heshima, na baadhi ya watu wetu waliosomea ujenzi wanaweza kuifanya huko.

Kuna mambo mawili ambayo wanunuzi wengi hawayajui kuhusu kazi hiyo. La kwanza ni kwamba ukaguzi wa kawaida hauhusu methi. Kanuni za chama kikubwa cha wakaguzi wa nchi hiyo, kiitwacho American Society of Home Inspectors, hazimtaki mkaguzi kutafuta vitu vya sumu katika nyumba. Akikuandikia kwamba paa ni zima na mabomba hayavuji, hajasema kuwa ukuta hauna dawa. Ukitaka hilo lipimwe ni lazima uliombe na ulilipie mbali.

La pili ni kwamba mkaguzi ndiye mtu wa kwanza kuingia mahali ambapo huenda kuna sumu, na mara nyingi huingia peke yake, mikono mitupu. Kituo kile cha kudhibiti magonjwa kilichapisha mwaka 2000 uchunguzi juu ya polisi na wazima moto walioingia katika maabara za methi. Wengi wa walioumia walikuwa wamekosa mavazi ya kujikinga, na wengi waliathirika katika njia ya kupumua. Ikiwa polisi mwenye redio na wenzake anadhurika, sembuse mkaguzi mwenye tochi na kalamu?

Kwa hiyo, kama una ndugu mkaguzi, fundi bomba, fundi wa umeme au msafishaji wa nyumba zilizohamwa, mkatie ukurasa huu umpelekee. Mambo ya kuzingatia ni haya.

Aanze nje. Atazame madirisha yaliyozibwa kwa karatasi ya fedha au plastiki nyeusi, nyasi zilizoungua mahali pamoja bila ya sababu, mashimo ya kuchomea taka, na mitungi ya gesi ambayo koki yake ya shaba imegeuka rangi ya samawati au kijani. Mtungi wa namna hiyo huenda umetiwa amonia na unaweza kupasuka. Hauguswi.

Asiingie peke yake, na awepo mtu anayejua alikokwenda. Ndani, atazame madoa ya manjano au mekundu yaliyo karibu na sinki na ukutani, ving'ora vya moshi vilivyong'olewa au kufunikwa, na maganda mengi ya vidonge vya mafua. Kimoja katika hivi hakitoshi kumhukumu mtu. Vikiwa vitatu vinne pamoja, ni wakati wa kusimama.

Akisikia harufu kali ya amonia, ya mkojo wa paka au ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, au macho na koo vikianza kuwasha, ageuke atoke kwa njia ile ile aliyoingilia. Asiwashe taa wala asiizime, kwa maana cheche moja yatosha kulipua mvuke. Asifungue jokofu wala kasha la barafu. Asinuse chupa ili ajue kilichomo. Asiviringishe zulia wala kusukuma godoro kwa mkono mtupu, kwani sindano hufichwa humo. Akiwa nje na mbali, ndipo apige simu kwa polisi au wazima moto.

Kitambaa cha mdomo tulichokizoea wakati wa korona hakizuii gesi. Mahali palipothibitishwa kuwa maabara huingiwa na watu waliofunzwa kwa kazi hiyo, wenye barakoa za vichujio maalumu, glavu na mavazi ya kutupwa. Na mtu aliyekuwa ndani ya nyumba ya kutiliwa shaka asile wala kuvuta sigara humo, aoge, abadilishe nguo, na viatu avivue nje ya mlango wake. Kuna akina baba waliopeleka nyumbani sumu ya kazini kwa nyayo za viatu pasipo kujua.

CHEMBE MOJA YA SUKARI

Nyumba hupimwa vipi? Mpimaji huchukua kipande cha shashi kilicholoweshwa spiriti, akapangusa ukutani eneo la mraba lenye sentimeta 10 kwa 10, akakitia katika chupa na kukipeleka maabara. Majibu huja kwa mikrogramu. Mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Chembe moja ya sukari unayotia katika chai ina uzito wa mikrogramu mia kadhaa. Ndiyo kusema tunazungumza juu ya kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona kamwe.

Sasa, kiasi gani ni kibaya? Hapa ndipo wataalamu walipovutana. Majimbo kadhaa ya Marekani yaliweka kikomo cha mikrogramu 0.1 kwa eneo hilo. Utah iliweka 1, California ikaweka 1.5. Tofauti hizi hazina maana kwamba watu wa California wana miili ya chuma. Wengine walichagua kiwango kidogo kabisa ambacho mashine ingeweza kukipima vyema, wengine wakakokotoa kiasi ambacho kingeweza kumdhuru mtoto.

Msomaji, usilipite jambo hili haraka. Nchi moja ililipuuza ikaumiza wanyonge wake.

YALIYOTOKEA NEW ZEALAND

Huko New Zealand, methi huitwa P. Hofu ya nyumba zenye dawa hiyo ilipoenea, shirika la serikali la nyumba za kupangisha, Housing New Zealand, lilianza kupima nyumba zake kwa wingi. Mwongozo uliotumika ulikuwa umeandikwa kwa ajili ya kusafisha nyumba zilizopikiwa dawa, na kikomo chake kilikuwa mikrogramu 0.5. Shirika likautumia hata pale ambapo labda mtu mmoja tu aliwahi kuvuta.

Matokeo yake? Wapangaji walitolewa. Wengine walipoteza vyombo vyao vilivyotupwa kama taka za sumu, wengine wakadaiwa gharama za kusafisha, wengine wakafutwa katika orodha ya wanaongoja nyumba. Mara nyingi haikuthibitishwa hata kama aliyevuta ni wao au ni waliowatangulia. Wakati huohuo wapimaji na wasafishaji walikuwa na biashara nono. Shirika lilitumia zaidi ya dola milioni 100 za nchi hiyo katika kupima na kusafisha.

Mei 2018, Sir Peter Gluckman, mshauri mkuu wa sayansi wa Waziri Mkuu, alitoa ripoti yake. Alisema hakukuwa na ushahidi uliochapishwa popote kwamba mtu amedhurika kwa kuishi tu katika nyumba ambamo methi ilivutwa na mwingine. Nyumba zilizopikiwa dawa ni jambo jingine, na hizo lazima zishughulikiwe. Akapendekeza kwamba, mahali pasipo na dalili za upishi, kusiwe na haja ya kusafisha chini ya mikrogramu 15. Septemba mwaka huohuo, shirika lilikubali kuwa lilikosea, likaomba radhi na kutangaza kuwalipa walioumizwa, wapatao 800.

Tuweke visa hivi viwili pamoja, ule wa mtoto wa Victoria na huu wa wapangaji wa New Zealand. Kimoja kinatuambia tusidharau. Cha pili kinatuambia tusihukumu kwa hofu. Nyumba iliyopikiwa na nyumba iliyovutiwa si kitu kimoja, na kipimo kisichoeleza tofauti hiyo kinaweza kumtupa bibi kizee barabarani bure. Kabla ya kulia au kulipa, uliza maswali matatu: kilichopimwa ni kiasi gani, katika chumba gani, na aliyepima anafaidika vipi na jibu? Anayepima asiwe yeye ndiye anayeuza kazi ya kusafisha. Fisi hapewi bucha alinde.

KUPAKA RANGI SI KUSAFISHA

Ikithibitika kweli kwamba nyumba ilipikiwa, tusidanganyane kwa debe la rangi. Watafiti wameona kwamba methi iliyo ukutani huweza kupenya rangi ya maji na kutokeza tena juu. Ni yale masizi na chokaa.

Mwongozo wa idara ya mazingira ya Marekani, uliotolewa mwaka 2009 na kurekebishwa baadaye, unataka mambo yafanywe kwa utaratibu. Kwanza kemikali na taka huondolewa na watu wa kazi hiyo. Nyumba hupishwa hewa. Mazulia, magodoro, mapazia na makochi ya vitambaa hutolewa, kwa maana hayasafishiki. Kuta, dari na sakafu huoshwa kwa maji na sabuni na kusuuzwa, tena na tena. Mabomba ya hewa na ya maji machafu nayo hayasahauliki. Kisha nyumba hupimwa upya. Rangi huja mwisho kabisa.

Akina mama, najua mkono wenu unakimbilia wapi. Unakimbilia jiki. Mwongozo huo unakataza kutumia jiki kwa kazi hii, kwa sababu haijulikani vyema inapokutana na methi huzaa kitu gani, na pakiwa na kemikali nyingine inaweza kutoa gesi mbaya. Sabuni ya kawaida na maji ndiyo inayopendekezwa. Lakini usiifanye kazi hii mwenyewe ukiwa na mtoto mgongoni.

Gharama huanzia maelfu ya dola, na nyumba iliyochafuka sana hufikia makumi ya maelfu. Bima nyingi hazipendi kusikia habari hizo. Ndiyo sababu kipimo cha awali, ambacho bei yake ni ndogo sana ukilinganisha, ni afadhali kuliko majuto.

NA SISI HAPA JE?

Mtindo wetu wa kupanga nyumba tunaujua. Unaona kibao cha nyumba ya kupangisha, unampata mwangalizi, anakufungulia. Unatazama kama maji yanatoka na kama choo kinavuta. Unalipa kodi ya mwezi na dipoziti, unaenda kutafuta mkokoteni. Hakuna anayeuliza: aliyekuwa humu alikuwa akifanya kazi gani, na mbona aliondoka?

Sikuandika haya ili kila mtu aanze kuikodolea macho nyumba ya jirani. Harufu ya dawa ya kucha inaweza kuwa ni ya msusi anayejitafutia riziki, na harufu ya amonia inaweza kuwa ni ya banda la kuku. Ninachosema ni kwamba uzoee kuuliza. Waulize majirani wa ngazi ileile na mwenye duka la chini. Fungua kabati, nusa hewa chumba kikiwa kimefungwa, tazama sinki na dari kabla hujavutiwa na rangi mpya. Ukiwa ndani kwa nusu saa na macho yakaanza kuwasha, usilazimishe. Ukihamia, na familia nzima ikaanza kuumwa kichwa, kukohoa na kukosa usingizi, na mkilala kwingine mnapata nafuu, mweleze daktari hivyo hivyo, habari za nyumba pia.

Nanyi wenye nyumba, sheria yetu ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 inamwona na hatia hata mwenye jengo anayeruhusu litumiwe kwa mambo hayo. Mpangaji anayelipa miezi mingi kwa fedha taslimu, asiyetaka fundi aingie, na anayeziba madirisha mchana kutwa, si bahati iliyoshuka. Mtembelee kwa taarifa na kwa adabu, lakini mtembelee. Na ukiwa na shaka ya kweli, usivunje mlango wewe wala kumtuma mwangalizi wako. Simama mbali upige 999 au 112. Mwangalizi naye ana watoto.

Mwisho, kwa mzazi mwenye kijana aliyenaswa na dawa hizi: nyumba husafishwa, na binadamu pia hutibiwa. Simu ya NACADA ni 1192, na hailipishwi. Kumfukuza kijana ni kuhamishia tatizo katika nyumba nyingine.

Kwa wewe unayejiandaa kwenda ng'ambo kusoma au kufanya kazi, weka ukurasa huu katika faili ya vyeti vyako. Siku utakapopewa ufunguo na ndoo ya kusafishia nyumba usiyoijua, uliza kwanza ilifungwa kwa nini. Ukijibiwa kwa kigugumizi, ndoo irudishe. Kazi nyingine utapata, kifua kingine hutapata.